Mkia wa Jina

Kwa miezi kumi na minne Lameck alikuwa hajamtupia Keziya hata salamu. Kwa hiyo alipoingia kwenye duka la intaneti pale Bondeni na kusimama mbele ya meza yake, akiwa na flopi moja mkononi, Keziya alijua kwamba shemeji yake alikuwa amezunguka mji mzima wa Kyela akitafuta mtu mwingine wa kumsaidia, na hakumpata.

"Nataka kutuma faili," alisema Lameck. Alikuwa akiiangalia kompyuta, si yeye.

"Karibu, Mwalimu. Keti."

"Sikuja kukaa."

Duka lilikuwa mali ya Godlove, mtu wa vipuri vya magari aliyekuwa akivuka mpaka kwenda Karonga na kurudi mara mbili kwa wiki. Mwaka ule wa 2004 alifunga dishi juu ya bati, akanunua kompyuta nne zilizokwishatumika, akamweka Keziya kuzisimamia kwa sababu alikuwa na cheti cha miezi sita cha kompyuta kutoka Mbeya. Walikuja vijana wenye barua pepe za wachumba, walikuja wafanyabiashara wenye ndugu zao Malawi, na siku za mvua walikuja watu waliotaka tu kukaa pakavu. Lameck hakuwahi kuja.

Uadui wao ulianzia kwenye kaburi. Ezra, mume wa Keziya na mdogo wake Lameck, aliugua kifua miezi minane akafariki. Wiki ya pili baada ya mazishi, Lameck alikuja na watu wawili wa ukoo kumwambia mjane kwamba shamba la kokoa la Ipyana, ekari moja na nusu, linarudi kwa wenyewe. Keziya aliwajibu kwamba miche ile aliipanda yeye na Ezra, tena yeye ndiye aliyebeba maji kutoka mtoni kiangazi kizima. Hawakumsikiliza, akaenda baraza la kata. Baraza lilikaa mara tatu, likasikiliza majirani, likampa shamba. Tangu siku hiyo, Lameck akimwona njiani huvuka upande wa pili.

Lameck alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa kikundi cha wakulima wa kokoa. Kikundi kiliundwa baada ya biashara kuwa huria na kila mwenye mizani kuingia vijijini akinunua anavyotaka. Wakulima walichoka kupimiwa na mizani zisizosema kweli. Mwaka huo walipata kampuni moja ya Uholanzi iliyotaka kununua kokoa ya kilimo hai moja kwa moja kutoka kwao. Sharti lilikuwa kwamba kikundi kitume ramani ya mashamba yote arobaini na matatu, kila shamba na namba yake na jina la mwenyewe, kupitia ukurasa wa kampuni kwenye mtandao. Asiyekuwa kwenye ramani asingeuza. Keziya alikuwa mwanakikundi. Alimwona mpima akipita shambani kwake na kamba, akaambiwa namba yake ni kumi na saba.

Alichukua flopi, akaiingiza. Flopi za siku zile zilikuwa na tabia ya kufa katikati ya kazi, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kunakili kwanza faili la mteja kwenye kompyuta, kisha kulituma. Alinakili. Kisha alifungua ukurasa wa kampuni, akalichagua faili, akabonyeza. Ukurasa ulijibu kwa maandishi mekundu.

"Wamelikataa," alisema. "Wanataka picha za aina ya JPEG peke yake. Hili ni TIFF. Waliokuskania Mbeya walihifadhi hivyo. Si tatizo, nitalifungua hapa na kulihifadhi upya kwa aina wanayoitaka. Dakika mbili."

Mkono wa Lameck ulishuka juu ya mausi kabla ya wake.

"Usifungue."

"Mwalimu, bila kulifungua siwezi—"

"Nimesema usifungue. Hizi ni nyaraka za kikundi. Wewe si kamati. Nipe kompyuta nyingine nifanye mwenyewe."

Keziya alimpa kompyuta namba tatu, akarudi kwa mteja mwingine. Lameck alikuwa amehudhuria semina ya walimu ya siku nne, na katika siku hizo alijifunza kubadilisha jina la faili. Jina la lile faili lilikuwa *ramani*, kisha nukta, kisha *tif*. Alifuta zile herufi tatu za mwisho, akaandika *jpg*. Kompyuta ilimwonya kwamba faili linaweza lisifunguke. Alibonyeza ndiyo. Akarudi na flopi.

"Sasa tuma."

Keziya alitazama jina.

"Umebadilisha mkia wa jina tu. Ndani ni kilekile."

"Tuma."

"Litapokelewa, ila huko watashindwa kulifungua."

"Kazi yako hapa ni kutuma au kufundisha walimu?"

Akalinakili tena, akatuma. Ukurasa ulifikiri kwa muda mrefu, kama ulivyokuwa ukifanya kila kitu, kisha ukaandika kwa kijani kwamba faili limepokelewa. Lameck aliinama akayasoma maandishi yale mara mbili. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alimtazama usoni.

"Cheti cha miezi sita," alisema, akatoka.

Keziya angeweza kulifungua faili lile jioni hiyo. Nakala zilibaki kwenye kompyuta. Aliziona kesho yake na keshokutwa, kila alipokuwa akifagia mabaki ya kazi za watu, akaziacha. Mteja alisema asifungue. Aidha, hakutaka Lameck aje apate neno la kumsema, na alimjua kuwa ni mtu wa kulitafuta.

Siku ya kumi na mbili barua pepe ya Uholanzi ilifika. Ilikuja kwenye anuani ya kikundi, na Lameck, ambaye sasa alikuwa akienda kusomea barua pepe kwa rafiki yake wa Tukuyu, aliichapa akaipeleka kwenye kamati siku ya Jumatatu. Ilisema kwamba faili walilopokea halifunguki, limeharibika, na kwamba ikiwa ramani nzima haitafika hadi Ijumaa, nafasi ya Kyela itapewa kikundi cha nchi nyingine.

Lameck hakuishia kusoma. Aliwaambia wanakamati kwamba faili aliliacha zima mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo wote wanajua ana kisa gani naye. Alisema Keziya aliingiza kirusi cha kompyuta kwenye faili. Alisema pia, kwa sauti ya mtu anayelazimishwa kusema, kwamba kuna wanunuzi wa mizani ambao wangelipa vizuri kuona kikundi kinakufa.

Neno hilo lilitoka Ipyana asubuhi, na kufikia saa nane mchana lilikuwa limeshafika sokoni Kyela. Keziya alipoingia kununua ndizi, mama aliyekuwa akimuuzia kila siku alimwambia zimekwisha, na ndizi zilikuwa pale mbele yake, mikungu mitatu. Nyuma yake mtu alisema, bila kushusha sauti, "Kwanza mume, sasa kokoa." Alirudi dukani mikono mitupu. Siku ya Jumanne walikuja wateja wawili tu, wote wageni kutoka Matema wasiojua habari. Jioni Godlove alipita akiwa bado na vumbi la safari.

"Sikuulizi kama umefanya au hukufanya," alisema. "Nakuuliza kama nitapata wateja."

"Sikufanya, kaka Godlove."

"Mimi nimesikia. Ila wao hawaji kwangu kunisikiliza mimi. Ijumaa ikipita na mambo yako hivi, uniachie funguo."

Jumatano asubuhi, kabla Keziya hajamaliza kufuta vumbi, kamati ilifika. Mbele alikuwa mwenyekiti, Mama Hellen, mwanamke mnene wa makamo aliyelea watoto sita kwa kokoa na mpunga, asiyependa maneno mengi. Nyuma yake alikuwa Hezroni, mweka hazina, mwembamba na mwenye hasira za haraka. Wa mwisho alikuwa Lameck, aliyebaki kwenye kizingiti.

"Ugonile," Mama Hellen alimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mama. Karibuni."

"Umesikia yanayosemwa. Nimekuja uyajibu mbele ya aliyeyasema."

Keziya aliweka kitambaa cha vumbi mezani. Alieleza yote tangu mwanzo: jinsi ukurasa ulivyokataa mara ya kwanza, jinsi alivyotaka kulifungua faili akazuiwa, jinsi Mwalimu alivyobadilisha mkia wa jina.

"Uongo," alisema Lameck kutoka mlangoni. "Kama lingekuwa bovu, ukurasa ungelikataa. Lilipokelewa. Niliona kwa macho yangu, kijani. Likaharibika baada ya mimi kuondoka."

Hezroni alimgeukia Keziya. "Hilo lijibu. Wazungu wangepokeaje kitu kibovu?"

"Kwa sababu hakuna aliyekitazama ndani," alisema Keziya. "Sogeeni niwaonyeshe."

Walisogea, isipokuwa Lameck. Keziya aliandika barua fupi kwenye kompyuta, mistari miwili: *Mwagonile. Huu ni mchele wa Kyela.* Akaihifadhi. Kisha akafuta mkia wa jina lake, akaandika *jpg*.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni barua. Nimekuona ukiiandika."

"Ni barua. Sasa tazama." Alifungua sanduku lake la barua pepe, akaiambatanisha ile barua kwa kujitumia mwenyewe. Walisubiri. Hezroni alianza kugonga meza kwa kidole. Ikatokea: jina la faili, na kando yake alama ndogo ya picha, na maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba ni picha ya JPEG.

"Imesema ni picha," alisema Mama Hellen polepole.

"Hii programu ninayofungulia mtandao, tunaiita kivinjari, ndiyo inayobeba faili kutoka hapa kwenda kule. Kabla ya kulipeleka inatakiwa iseme ni faili la aina gani. Hailifungui. Inatazama herufi zilizo baada ya nukta, inaangalia kwenye orodha yake, inakuta herufi hizo ni za picha, basi inaandika juu ya mzigo kwamba humu mna picha. Ukurasa wa kule nao ukasoma kilichoandikwa juu ya mzigo, ukafungua mlango. Ni mpaka binadamu alipokaa aitazame ramani ndipo alipokuta haifunguki."

"Kwa hiyo mtu anaweza kutuma chochote," alisema Hezroni.

"Anaweza, ikiwa wa upande wa pili hawakagui."

Hezroni alimtazama Lameck, kisha akamtazama tena Keziya, kama mtu asiyejua amkasirikie nani. "Haya. Umetuonyesha kwamba inawezekana. Hujatuonyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Inawezekana pia wewe ndiye uliyebadilisha."

"Nakala mbili ziko hapa," alisema Keziya.

Lameck alitoka kizingitini, akapiga hatua mbili ndani.

"Nakala gani?"

"Huwa nanakili kabla ya kutuma, flopi zinakufa. Ya kwanza ni ile uliyokuja nayo, yenye mkia wa *tif*. Ya pili ni ile uliyoniletea baada ya kukaa namba tatu. Zina saa zake."

"Ulinakili nyaraka za kikundi bila ruhusa. Mwenyekiti, umesikia? Zifutwe sasa hivi. Huo ni wizi."

"Ulizifungua?" Mama Hellen alimuuliza Keziya.

"Hapana, mama. Aliniambia nisifungue."

Mama Hellen alivuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta kama anayeketi kupepeta mchele. "Nionyeshe saa."

Keziya alizionyesha. Ya kwanza, saa nne na dakika kumi na moja. Ya pili, saa nne na dakika ishirini na nane. Ukubwa ulikuwa mmoja, hadi tarakimu ya mwisho. Kisha alizifungua zote mbili kwa ile programu ya kuandikia maandishi matupu, inayoonyesha faili lilivyo bila kulipamba. Skrini ilijaa alama za ajabu. "Msijali hizo. Tazameni mwanzo kabisa. Picha ya JPEG hujitambulisha hapa juu, mtaona herufi J, F, I, F." Akawafungulia picha ya harusi iliyoachwa na mteja mmoja, wakaziona herufi zile. "Sasa hii ya ramani, yenye jina la *jpg*, inaanza na I mbili na nyota. Hiyo ni TIFF. Na ile ya kwanza? I mbili na nyota. Hakuna kirusi. Hakuna kilichoguswa isipokuwa jina."

Hezroni aliacha kugonga meza.

"Basi hilo limekwisha," alisema Lameck haraka. "Ni kosa la kiufundi, mimi si mtaalamu. Nitaipeleka Mbeya wairekebishe, nitaituma kutoka huko. Ziondoe hizo."

Haraka ile ndiyo iliyomponza. Mama Hellen alikuwa ameshanyanyuka nusu, akaketi tena.

"Dakika mbili, si ndivyo ulivyosema?" alimuuliza Keziya. "Ifungue uigeuze hapahapa. Mimi ni mwenyekiti, naruhusu."

"Mama Hellen—" alianza Lameck.

"Fungua, binti yangu."

Ramani ilijitokeza kidogo kidogo kutoka juu, kwanza kichwa cha habari, kisha mto, kisha barabara ya Ipyana, kisha mashamba kama vigae vilivyopangwa na mtu mwenye haraka. Keziya hakuhitaji kutafuta. Alilijua shamba lake kwa umbo, refu na lenye kona iliyokatwa na mfereji. Namba kumi na saba. Chini ya namba, kwa herufi safi za mpima, paliandikwa jina la Lameck.

Namba kumi na sita, shamba linalopakana, lilikuwa na jina la Lameck pia.

Jambo la kwanza lililomjia Keziya halikuwa shamba. Lilikuwa ule mkono ulioshuka juu ya mausi. Kumbe Lameck hakumzuia kwa kiburi cha ualimu peke yake.

"Baraza la kata lilisema ni langu," alisema. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Una nakala ya hukumu. Uliitia sahihi."

"Baraza la kata," alisema Lameck. "Watu watano waliokula kuku wako. Lile ni shamba la baba yangu. Ezra alilima kwa ruhusa yangu. Wewe ulikuja na sanduku moja la nguo, na kesho utaolewa Rungwe au Malawi, na mtu nisiyemjua aje achume kokoa ya baba yangu. Nimeandika kilicho kweli."

"Ukanificha."

"Nilikuficha? Wewe ni nani hata nikufiche?"

Hezroni aliingilia. "Basi, basi. Mambo ya ukoo mtayazungumza na ukoo. Leo ni Jumatano. Keziya, igeuze hiyo ramani uitume. Jina litarekebishwa mwakani."

Keziya aliondoa mkono wake kwenye mausi.

"Sitaituma."

"Umesemaje?"

"Mwakani hakuna atakayerekebisha. Wakishaipokea, mwenye namba kumi na saba ni huyu. Nikienda kuuza nitaambiwa sipo. Nikienda barazani ataonyesha ramani yenye mhuri wa kikundi. Sitaituma kwa mkono wangu."

"Wewe mwanamke," Hezroni alisema, na mshipa wa shingo ulimsimama, "kuna familia arobaini na tatu kwenye karatasi hiyo. Watu wamekataa kuwauzia walanguzi msimu mzima wakisubiri hili. Utawaangusha wote kwa ekari moja na nusu?"

"Aliyeandika uongo yuko pale mlangoni. Mwulize yeye."

"Mimi nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye umekaa kwenye hiyo mashine."

"Basi nimekaa."

Walimtazama wote watatu, na Keziya aliona kwamba hata Mama Hellen, ambaye dakika kumi zilizopita alimwita binti yangu, alikuwa na sura ya mtu aliyebanwa mlangoni na mzigo wa mwingine. Hakuna aliyempenda chumbani mle. Wazo hilo, badala ya kumvunja, lilimtuliza. Hakuwa tena na kitu cha kupoteza kwao.

"Hiyo karatasi yenyewe ya mpima iko wapi?" Mama Hellen alimuuliza Lameck.

"Nyumbani."

"Tunakwenda kuichukua. Wote."

Walikwenda Ipyana na pikapu ya Godlove, ambaye aliwatoza nauli. Nyumbani kwa Lameck, mama yake mzazi, Bibi Elizabeth, alikuwa ameketi barazani akimenya mihogo. Alimwona Keziya akishuka, akageuza kigoda akampa mgongo. Huyo ndiye aliyemfunga Keziya kitambaa cha harusi miaka tisa nyuma.

Lameck alichelewa ndani. Alipotoka na ile karatasi kubwa iliyokunjwa, Mama Hellen aliitandaza juu ya meza ya chakula, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina kwenye namba kumi na saba. Juu yake akaandika jina la Keziya, kwa mwandiko wake mnene wa shule ya zamani. Akatia sahihi pembeni. Hezroni naye akatia sahihi akinung'unika. Kalamu ikamfikia Lameck.

"Marekebisho yanataka sahihi ya katibu," alisema Mama Hellen. "Usipotia, kesho naitisha mkutano wa wote arobaini na tatu, na nitawaeleza kwa nini Wazungu hawakuona ramani yetu. Nitaanza na mausi."

Lameck alitia sahihi. Kalamu ilitoboa karatasi.

"Umemvua nguo mwanangu mbele ya watu," alisema Bibi Elizabeth bila kugeuka. Maganda ya muhogo yalikuwa yakianguka kwenye beseni. "Kwa ajili ya miti."

Keziya alitaka kumjibu. Alikuwa na maneno ya miezi kumi na minne. Lakini alimwona jinsi mabega ya yule bibi yalivyokuwa yamekonda tangu Ezra afe, akanyamaza, na kunyamaza huko hakukuwa heshima wala msamaha. Hakuona tu faida ya kuanza.

Alhamisi alfajiri Keziya na Mama Hellen walipanda gari la Mbeya. Mvua iliwafuata hadi Tukuyu. Kwenye duka la kuskani, Keziya alisimama nyuma ya kijana wa mashine, akamwambia aina anayoitaka, na alipopewa faili hakuridhika na jina lake. Alilifungua kwenye maandishi matupu akatafuta mwanzo. J, F, I, F. Kijana alicheka, akamuuliza kama ni mpelelezi. Keziya hakucheka. Walilituma palepale Mbeya. Mara ya kwanza mtandao ulikatika katikati, mara ya pili ukurasa ukaandika kijani. Mama Hellen alitaka kuondoka, Keziya akakataa. Aliandika barua kwa Uholanzi akiomba mtu alifungue faili na amjibu kwamba ameiona ramani, na aandike jina la mwenye shamba namba kumi na saba. Walisubiri saa mbili wakila karanga. Jibu lilikuja fupi: ramani inasomeka, namba kumi na saba ni Keziya.

"Umeridhika?" aliuliza Mama Hellen.

"Ndiyo, mama. Ndaga fijo."

"Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako. Nilitaka ramani iende." Kisha baada ya muda, wakiwa njiani kurudi, Mama Hellen alisema akiangalia dirishani, "Ningekuwa wewe, na mimi nisingeituma."

Kokoa iliuzwa Uholanzi mwaka huo, na bei ilikuwa nzuri. Lameck alijiuzulu ukatibu kwa barua ndefu iliyotaja afya. Hakuna mtu aliyekuja dukani kumwambia Keziya kwamba walimsingizia. Yule mama wa sokoni alianza kumuuzia ndizi tena, kwa bei ya mgeni. Hezroni akipita dukani humsalimia kwa kuinua kidevu. Wapo Ipyana wanaosema hadi leo kwamba kikundi kilikaribia kufa kwa sababu ya ugomvi wa mwanamke mmoja, na wakihadithia, kisa cha jina kwenye ramani hukiruka.

Msimu uliofuata, Keziya alipokwenda kuvuna, alikuta njia ya kuingilia shambani imechimbwa. Njia hiyo ilipita pembeni mwa shamba namba kumi na sita. Lameck alikuwa amekata handaki la kina cha kuzidi kimo cha mtu kutoka mfereji hadi kwenye migomba, na alikuwa bado mle ndani, shati begani, jembe mkononi, udongo mbichi pande zote mbili.

"Hapa ni kwangu," alisema. "Namba kumi na sita. Nenda ukasome kwenye ramani yako."

Keziya aliutazama udongo, kisha akautazama mfereji. Kupita kwa kuzunguka mtoni kungemwongezea nusu saa kila safari, na alikuwa na magunia manne ya kubeba. Aliweka kikapu chini, akachukua panga lake, akakata shina la mgomba uliozaa, wa upande aliosimama, akaliburuta hadi ukingoni, akalilaza juu ya handaki. Lilifika. Akajitwisha kikapu, akavuka polepole, miguu yake ikipita juu ya kichwa cha shemeji yake aliyekuwa amesimama chini akimtazama.

Asubuhi yake shina halikuwepo. Akakata lingine.